Sauti ya Bibi

Baba alipofariki, ndugu zangu waligawana vitu vya maana. Mimi nikachukua Grundig, tepurekoda ya valvu ya Kijerumani, yenye rili mbili juu na lile jicho la kijani linalofumba sauti ikipanda. Ilikaa juu ya kabati utoto wangu wote na hatukuruhusiwa kuigusa. Pembeni yake palikuwa na kanda moja tu. Kwenye boksi Baba aliandika kwa penseli: "Mama, hadithi."

Bibi alikufa kabla sijazaliwa. Sijawahi kusikia sauti yake.

Nilipoifungua nilikuta beliti, ule mpira unaotoka kwenye mota kwenda kuzungusha gurudumu zito, imegeuka lami. Ukiigusa inavutika, na weusi wake hautoki kwa sabuni. Nilimaliza jioni mbili nikifuta kwa pamba na spiriti. Kisha nikaibeba hadi Ngamiani kwa mzee mmoja, fundi redio wa tangu enzi hizo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeshaichomeka?"

"Bado."

"Alhamdulillahi."

Kapasita zikikaa miaka mingi bila umeme huharibika, akanieleza, na ukizipa umeme wote kwa ghafla unaweza kuunguza hata transfoma. Akapitisha umeme kwanza kwenye balbu ya wati 60. Balbu ikiwaka kwa nguvu, ndani kuna shoti. Ikawaka kwa nguvu, bwana, kibanda kizima kikang'aa! Akabadilisha kapasita, akasafisha hedi, akalainisha vyuma. Beliti ya saizi ile hakuwa nayo. Hiyo niliitafuta mwenyewe, nikaipata iliyokuwa nene kidogo, nikasema itatosha.

Usiku ule nikaweka kanda. Sauti ya mwanamke ikatoka: "Paukwa!" Watoto wakajibu: "Pakawa!" Mmoja wao alikuwa Shangazi, ambaye leo ana wajukuu. Nilirekodi kwa simu, nikamtumia. Akapiga huku analia. "Ndiye! Ndiye mama yangu, na uchangamfu wake ule ule!"

Ningeachia hapo. Lakini katikati ya hadithi, redio ya jirani inasikika ikipiga ile milio sita ya saa ya Greenwich, ambayo BBC imekuwa ikiirusha tangu 1924. Mlio ule una mitetemo 1,000 kwa sekunde, hauongezeki wala haupungui. Nikaupima kwa programu ya simu: 1,060. Kumbe beliti nene huongeza unene wa puli ya mota, na puli ikinenepa kanda inakwenda mbio. Bibi alikuwa amepandishwa karibu nusu toni, na haraka yake haikuwa yake.

Sisi tunaopenda vitabu tumezoea kuikuta "paukwa" imechapwa, na baada yake hadithi. Hakuna kitabu kinachokuambia msimuliaji alinyamaza kwa muda gani kabla zimwi halijagonga mlango. Nilipopata beliti sahihi, baada ya miezi minne, nilikisikia hicho kimya. Ni kirefu. Mtoto mmoja anakohoa, kiti kinalia, Bibi anavuta pumzi. Sauti yake ni nzito kuliko nilivyodhani, na mwishoni mwa sentensi inakwaruza. Ule uchangamfu haupo. Ni mwanamke aliyeshinda kazini na bado anawasimulia watoto hadithi.

Sikumtumia Shangazi kwa simu safari hii. Nilimpelekea mashine yenyewe, nikaiweka juu ya meza yake, nikaichomeka. Alisikiliza mpaka mwisho, mpaka kanda ikaanza kupigapiga kwenye rili tupu, na hakulia.

"Alikuwa amechoka," akasema.

Nikamweleza habari ya beliti na ile milio. Nikamwambia hii ndiyo sahihi, ile ya kwanza ilikuwa na kosa langu. Akaniangalia kama mtu anayeambiwa bei.

"Nimekuelewa, mwanangu. Huyu ndiye, sikatai. Lakini yule wa kwanza usimfute."

Sijamfuta. Beliti nene nayo ninayo, kwenye boksi la Baba.