Nyumba Inapangishwa!

Kazi ya gazetini ina raha moja isiyoandikwa kwenye mkataba: kupekua magazeti ya zamani. Wenzangu wakiyafungua wanatafuta hotuba za wakubwa. Mimi naishia kurasa za nyuma, kwenye matangazo madogo madogo ya nyumba. Humo ndimo Dar es Salaam inasema ukweli bila kujua.

Chukua Tanganyika Standard, gazeti la Kiingereza lililoanza mwaka 1930. Ukikuta nyumba ya Oysterbay, hesabu: bustani, gereji, na vyumba vya watumishi huko nyuma. Waingereza waliugawa mji kwa aina ya majengo. Sheria haikutaja rangi ya mtu, lakini kila mtu alijua mahali pake. Oysterbay uzunguni, mjini kati uhindini, Kariakoo na Ilala uswahilini. Mnazi Mmoja pakaachwa wazi katikati, ukuta usio na matofali.

Sasa tafuta humo chumba cha Kariakoo. Utachoka! Nyumba ya Kiswahili tunaijua wote: vyumba huku na huku, korido katikati, jiko na choo uani. Mwenye nyumba anakaa chumba kimoja, vingine anapangisha. Chumba cha namna hiyo hakikuhitaji gazeti la Kiingereza. Ulikipata kwa mjomba, kwa mtu wa kijijini kwenu, kwa mtani wako. Kwa hiyo atakayeandika historia ya mji huu kwa matangazo peke yake, atatuandikia mji wa watu wachache wenye bustani kubwa. Waliobaki, ambao ndio wengi, hawamo.

Halafu ukaja mwaka 1971. Serikali ikataifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 kazi hiyo ikahamia Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa mwaka 1962. Nyumba ya namna hiyo haikungoja tangazo la mwenye nyumba. Ilingoja barua ya maombi, na subira.

Leo matangazo yamerudi, kwenye nguzo za umeme na kwenye simu. "Chumba masta, luku yake, maji ndani, kodi miezi sita." Soma vizuri. "Luku yake" maana yake wapangaji wamechoka kugombania umeme. "Miezi sita" maana yake kijana anayeanza kazi lazima akope kabla hajalala ndani, na dalali bado anasubiri kodi ya mwezi mmoja. Hizo ni habari, ingawa haziandikwi ukurasa wa kwanza.

Ndugu msomaji, kama una babu au bibi aliyeingia mjini zamani, muulize chumba chake cha kwanza alikipataje, na kwa shilingi ngapi. Andika jibu lake. Tangazo lake halikuchapwa popote.