Mji Ulao Sifa Yake

Kila mji una kitu unachosifiwa. Kisumu husifiwa kwa ziwa, Mombasa kwa bahari, na Dodoma kwa mizabibu na divai yake. Sisi wakazi wa Kitengela, katika Kajiado, hatukujaliwa ziwa wala mizabibu, tulijaliwa uwanda. Lakini fikiri, msomaji, tofauti iliyopo. Mji wa ziwa ukikua, ziwa hubaki mahali pake. Mji wa uwanda hauwezi kukua ila kwa kuula uwanda wenyewe.

Na mji huu una njaa kubwa. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 ilikuta hapa watu 58,167; ile ya mwaka 2019 ilikuta watu 154,436. Siwalaumu waliokuja, maana mimi ni mmoja wao. Viwanda vya Athi River viliwaita watafutao kazi. Kodi za nyumba za Nairobi ziliwasukuma wenye kipato kidogo. Barabara ya Namanga ikawachukua wote. Mtu aliyepanga chumba kwa miaka ishirini akipata kiwanja chake hujiona mfalme, na ana haki. Maji huyanunua kwa mtungi, vumbi la kiangazi na tope jeusi la masika huvivumilia, kwa kuwa mlango anaoufungua ni wake.

Hata hivyo, ukuta umfurahishao mmoja humzuia mwingine. Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, ina ua pande tatu. Upande wa kusini uliachwa wazi, ili nyumbu na pundamilia watoke wakati wa mvua kulisha uwandani, na warudi wakati wa kiangazi. Wamaasai walichunga ng'ombe wao kando ya wanyama hao, wala hapakuwa na ua kati yao. Ardhi ya jamii ilipogawanywa katika miaka ya 1980, kila mwenye hati akawa huru kuuza, na kila mnunuzi huru kujenga ua. Hapana aliyekusudia kuiziba njia ya wanyama. Ilizibwa kwa seng'enge ya huyu na ya yule, haba na haba, hata kibaba kikajaa.

Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi ili wasijenge ua wala kuuza. Malipo yalitolewa mwanzoni mwa mihula ya shule. Hivyo nyumbu alipopita kwa amani, mtoto alilipiwa karo. Mpango ule ulionyesha kwamba uwanda hauhifadhiwi kwa kumlaumu mwenye nao, bali kwa kumfaa.

Wewe nawe, msomaji kijana, huenda siku moja ukanunua kiwanja. Nyumba ni haja ya kila mtu, wala si aibu kuitafuta. Lakini kabla ya kusimamisha nguzo ya kwanza ya ua, uliza ni nani aliyekuwa akipita hapo, na kesho atapita wapi. Ziwa lililochafuka laweza kusafishwa. Uwanda uliokwisha kujengwa haurudi.