Dari ya Chumba cha Nyuma

9 Februari
Tumebandua lipu ya dari. Nondo zimevimba kwa kutu na kulipasua zege kutoka ndani. Nyingine ziko chini ya lipu tu, hazina hata sentimita moja ya zege la kuzikinga. Fundi alikwangua kwa ukucha, ikatoka chembe ya kombe. Mchanga wa pwani! Chumvi imo mwilini mwa zege lote, kuziba viraka hakutasaidia.

10 Februari
Bi mkubwa hataki tena kulisikia zege nyumbani kwake. Nikampeleka chumba cha mbele. Boriti za mikoko, juu yake mawe ya matumbawe, na juu ya mawe zege la chokaa, kokoto na udongo mwekundu, lililopigwa kwa vipande vya mti mpaka likashikana. Hilo nalo ni zege, bi mkubwa, na halijapasuka. Akaniambia mama yake alikuwa akienda kupiga sakafu za watu Malindi, wanawake wamejipanga, wanaimba.

12 Februari
Chumba cha mbele kina upana wa mita 2.7, kwa kuwa boriti haibebi salama zaidi ya mita tatu hivi. Cha nyuma ni mita 4.2. Aliyemwaga zege lile alitaka nafasi, nami simlaumu. William Wilkinson, mpiga lipu wa Newcastle, Uingereza, alipata hataza ya kutia chuma ndani ya zege mwaka 1854, na mwaka 1865 akajenga kijumba cha ghorofa mbili kwa njia hiyo. Alijua kuwa sakafu huvutika upande wa chini, akakilaza chuma huko. Maarifa hayo Mji Mkongwe yalifika; uangalifu wa kuosha mchanga ulibaki njiani.

15 Februari
Ukuta ndio unaoniuma zaidi. Nje umepigwa lipu ya saruji, unyevu hauna pa kutokea, na jiwe nyuma yake limekuwa unga. Saruji yote itoke, irudi chokaa.

18 Februari
Tumekubaliana. Zege la nondo linavunjwa. Mwamba wa mti mgumu utapita katikati ya chumba, boriti fupi pande zote mbili, juu yake zege la chokaa. Upana unabaki. Bi mkubwa anawajua bibi wawili wa Ng'ambo waliowahi kupiga sakafu. Kesho nawafuata, masika hayako mbali.