Tanki Likianguka, Kimbia Upande Ule Mwingine

Watu wangu wa Shieywe, tuambiane ukweli. Bomba la mafuta linaishia Eldoret na Kisumu. Kutoka hapo petroli ya Uganda inabebwa na malori hadi Malaba na Busia. Sachang'wan, Januari 2009, lori lilianguka, watu wakakimbilia na mitungi. Zaidi ya 100 walikufa. Malanga, Siaya, Julai 2021, ikawa vilevile.

Msiwaite wajinga. Lita 20 za bure ni unga wa wiki kadhaa. Lakini mvuke wa petroli unatambaa chini, hauonekani, na cheche ya pikipiki moja inatosha.

Ndugu yangu ni wa boda, na boda ndio hufika kwanza. Nimemwambia: rudisha watu nyuma, mtungi uache. Wewe umemwambia nani?