Kabete na Walimu wa Hesabu za Watu Wazima

Msafiri atokaye Nairobi kwa njia ya Westlands, akishika barabara ya Lower Kabete, hufika upesi kwenye chuo wanakofunzwa maofisa wa Serikali. Wengi wapitao hapo hawajui ya kuwa mahali hapo palianza kwa kazi nyingine, nayo ni kumfunza mwalimu awaendee watu badala ya kuwangoja darasani.

Mwaka 1925 ilifunguliwa hapo Shule ya Jeanes. Jina hilo ni la bibi mmoja wa Philadelphia, Anna T. Jeanes, ambaye mwaka 1907 alitoa dola milioni moja kwa ajili ya shule za vijijini za Wamarekani weusi wa kusini. Walimu waliolipwa kwa fedha hiyo walizunguka kutoka shule hata shule. Kabete iliifuata desturi hiyo: mwalimu alikuja pamoja na mkewe, wote wawili wakafundishwa, kisha wakarudi kuzitembelea shule ndogo za kwao. Wakati wa Vita Kuu ya Pili walifunzwa hapo walimu wa askari, na baada ya vita wakaja wenye maduka kujifunza kuandika daftari la mapato na matumizi. Mwaka 1961 shule ikageuzwa kuwa chuo cha utawala. Mwaka huo huo chuo cha elimu ya watu wazima kilifunguliwa Kikuyu, mwendo mfupi upande wa magharibi.

Kazi yenyewe haikubadilika sana. Ajifunzaye kufundisha watu wazima hesabu huja akidhani kwamba atawapa watu kitu wasichokuwa nacho. Siku za kwanza humwondolea dhana hiyo. Mama auzaye maharagwe sokoni, akiulizwa bei ya vibaba saba kwa shilingi 35 kila kimoja, hutafuta kwanza saba za thelathini, apate 210, kisha saba za tano, apate 35, na kujibu 245 kabla mwalimu hajapata kalamu. Njia yake ni sahihi kabisa. Mwalimu mpumbavu humwambia aiache; mwalimu mwema huiandika ubaoni kama alivyoisema mama mwenyewe.

Taabu huanza kwenye karatasi. Mzee akiambiwa aandike mia nne na tano, huandika 4005, maana amesikia mia nne, kisha tano. Si ujinga huo, ni kusikiliza vizuri mno! Hapo mwalimu huleta vijiti: vifungu vinne vya mia mia, mahali patupu pa makumi, na vijiti vitano peke yake. Mzee akiisha kupaona mahali patupu kwa macho yake, sifuri hupata maana. Saa nayo ina fitina yake, kwa kuwa mshale mfupi huonyesha 8, na kila mtu chumbani ajua kwamba ni saa mbili.

Lakini yako mambo yasiyochekesha. Mkulima akikopa shilingi 5,000 kwa faida ya kumi kwa mia, hufikiri atarudisha 5,500, nayo yakwisha. Kumbe mkopeshaji amesema kila mwezi. Kwa miezi kumi na miwili faida peke yake ni 6,000, nayo yapita deni lenyewe. Mtu huyo ametia kidole gumba chini ya karatasi, na ng'ombe wake ataondoka. Mwalimu asiyeweza kuifanya hesabu hiyo mwenyewe hawezi kumwokoa, na hii ndiyo sehemu ngumu ya mafunzo, maana walimu wengi walichagua kazi ya kusomesha watu wazima kwa kupenda vitabu, huku wakiikimbia hesabu tangu utoto wao. Huyo hana budi kukaa chini na kuanza tena, mbele ya wenzake, kwa aibu kidogo.

Pia hufunzwa adabu. Mwanafunzi wake ni mzee au mama, tena huenda ni mkwewe. Hasimamishwi mbele ya watu kwa kosa, wala hachekwi. Darasa hukutana alasiri, shamba likiisha kulimwa na maziwa yakiisha kupelekwa. Jambo la kwanza mezani si kitabu, bali ni stakabadhi ya maziwa ya asubuhi ile, ambayo mwenyewe ameitoa mfukoni ili aulize kama lita zilizoandikwa ni zile zile alizopima nyumbani.