Mashine Haikujua Kama Ninaomba au Ninasinzia

Leo sianzi na mstari wa Biblia. Naanza na ukanda wa kichwani.

Desemba iliyopita mpwa wangu alikuja nyumbani kutoka Kanada anakosoma. Alikuja na ukanda mwembamba mweusi unaokaa kwenye paji la uso na kupita nyuma ya masikio, kama bendeji ya mtu aliyeanguka na bodaboda. Unaitwa Muse. Unatengenezwa na kampuni ya Toronto na ulianza kuuzwa 2014. Ndani yake kuna vihisio vinavyogusa ngozi, vinasoma umeme wa ubongo na kuutuma kwa simu. Unafunga macho, unatulia, unasikiliza. Akili ikitangatanga unasikia dhoruba. Ikitulia, upepo unashuka. Ukidumu katika utulivu, ndege wanaimba. Mwishoni simu inakuhesabia ulitulia dakika ngapi, na ulipata ndege wangapi.

"Anko," akaniambia, "wewe ni mtu wa maombi. Hebu vaa tuone."

Nikavaa. Nisikufiche, kiburi kiliniingia. Miaka kumi na tisa ya huduma, makesha yasiyohesabika! Nilijua ndege wote wa Kanada watahamia sebuleni kwangu.

Nikaomba jinsi ninavyoomba. Unanijua. Nikanena kwa lugha, nikatembea, nikakunja ngumi, dakika kumi nzima. Dhoruba tupu. Hakuna hata ndege mmoja. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Usiku baada ya chakula nikajaribu tena, na safari hii sikuomba kitu. Nilikuwa nimetoka mazishini Ndhiwa, mwili umechoka. Nikafunga macho, nikaanza kusinzia. Ndege wakaimba kama alfajiri ya ziwani.

Mpwa wangu akanieleza sababu, na tangu siku hiyo nimesoma zaidi. Umeme wa ubongo unaofika juu ya ngozi ni mdogo ajabu. Chukua betri ya kawaida ya tochi, ile ya volti 1.5. Gawanya nguvu yake mara milioni moja na nusu, na hiyo ndiyo mikrovolti moja. Mawimbi ya ubongo kwa kawaida ni kati ya mikrovolti kumi na mia moja. Misuli ya taya, ya paji la uso na ya macho nayo hutoa umeme, na huo mara nyingi huwa mkubwa kuliko wa ubongo. Ukisaga meno, ukikunja uso au ukinena kwa sauti, vihisio vinasikia misuli kabla ya kusikia ubongo. Ni kama kujaribu kumsikia mtoto akinong'ona karibu na mashine ya kusaga mahindi.

Kwa hiyo ule ukanda uliangalia taya zangu ukadhani umeniona mimi.

Hapo nikamkumbuka Hana. Fungua 1 Samweli sura ya kwanza ujisomee. Mwanamke ana uchungu, yuko hekaluni Shilo, anaomba moyoni, midomo inatikisika lakini sauti haisikiki. Kuhani Eli ameketi karibu na mwimo wa mlango. Anamtazama kinywa, anafikia uamuzi: huyu amelewa. Eli hakuwa mtu mbaya, na macho yake hayakumdanganya, kwa maana midomo ilitikisika kweli. Kosa lake lilikuwa kusoma midomo akadhani amesoma moyo.

Nikupe na habari ya aliyeanzisha kipimo hiki, kwa sababu inafurahisha. Hans Berger, daktari wa Ujerumani, alipokuwa kijana jeshini alianguka kutoka kwa farasi akaponea chupuchupu kukanyagwa na mzinga uliokuwa ukivutwa. Siku hiyohiyo dada yake aliyekuwa mbali alishikwa na hofu juu yake, akamsihi baba yao atume telegramu kumwulizia. Berger hakulisahau jambo hilo. Alitaka kujua ni nguvu gani ilitoka kichwani kwake ikamfikia dada yake. Akatafuta miaka mingi, na mwaka 1924 huko Jena akafanikiwa kurekodi mawimbi ya umeme kutoka kichwa cha binadamu. Alitangaza 1929. Alichokuwa akikitafuta hakukipata. Lakini alichokipata kimesaidia wagonjwa wengi sana, na hasa wale nitakaokueleza mbele kidogo.

Siku hizi kipimo hicho kimetoka hospitalini kikaingia dukani. Mwaka 2009 kampuni ya Mattel, hawa wa wanasesere wa Barbie, iliuza mchezo unaoitwa Mindflex. Mtoto anavaa kifaa kichwani, anakaza fikira, na feni inapuliza kampira kadogo kakapanda hewani. Kuna vingine vya kutafakari, vya kulala, vya kufundisha akili isitawanyike.

Wapendwa wanne wameniuliza inboksi kama hii ndiyo alama ya mnyama, kwa kuwa inakaa kwenye paji la uso. Hapana. Ni kipimo, kama kipimo cha presha. Mchungaji mwenzangu mmoja naye (sitamtaja, anasoma ukurasa huu) aliniomba nimwazime aujaribu kwa ibada, waumini waone kwa skrini nani ana upako. Ndugu yangu, ungepata washirika wanaosinzia ndio wenye upako, na hilo tayari tunalo bila mashine!

Hatari ninayoiona mimi iko upande mwingine. Agosti 2023 Wakenya walipanga foleni KICC Nairobi wakapigwa picha za mboni za macho na Worldcoin, kwa malipo ya kama shilingi 7,000. Serikali ilisimamisha zoezi hilo, na Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru data hizo zifutwe. Huko Chile, seneta wa zamani Guido Girardi alishtaki kampuni ya Emotiv iliyomuuzia kifaa cha kichwani, na mwaka 2023 mahakama ya juu ikaamuru data ya ubongo wake ifutwe. Mzazi, kabla mtoto hajavaa kifaa cha namna hii, uliza yanayosomwa yanakwenda wapi. Siyo mambo ya pepo. Ni mambo ya kusoma kabla ya kubonyeza "nakubali".

Sasa nifike pale nilipotaka kufika, na mkono wangu ni mzito.

Habari za ukanda zilienea. Jumapili moja baada ya ibada mama mmoja wa kanisa letu akanisubiri nje. Tunamwita Nyar Karachuonyo. Ana kijana wa miaka kumi na mbili anayeanguka. Kifafa, au kama tunavyosema sisi Wajaluo, ndulme. Akaniambia taratibu, macho chini: "Pastor, nimesikia una mashine inayoona ndani ya kichwa. Nimvalishe mtoto, uniambie kama ni ugonjwa au ni pepo. Ukisema, nitafuata."

Nilisimama pale nikashindwa kujibu, kwa sababu nilishawahi kujibu swali hilo.

Mwaka 2014 nilikuwa na mkutano wa injili wa siku tano upande wa Homa Bay. Nilikuwa kijana, nimetoka chuo cha Biblia miaka michache tu, sauti ina moto. Usiku wa tatu wakaleta msichana wa kama miaka kumi na minne. Akaanguka mbele ya jukwaa, mwili ukakakamaa, povu likamtoka kinywani. Nilitazama lile povu nikajua. Nikakemea. Baada ya dakika mbili hivi akatulia, na umati ukalipuka kwa shangwe. Siku hizi najua kwamba mishtuko mingi hukoma yenyewe katika muda kama huo. Mama yake akatoa vidonge kwenye kitambaa akanipa. Nikavionyesha umati. Nikavitupa chooni mwenyewe.

Wiki tatu baadaye alianguka kwenye moto wa jikoni. Mkono wake wa kushoto haukunyooka tena.

Mathayo 17 inasimulia mvulana aliyekuwa akianguka motoni na majini mara kwa mara. Nimeihubiri sura hiyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Naamini Yesu alimponya, na naamini anaponya leo. Lakini hakuna mahali niliposoma kwamba Bwana alichukua dawa ya mtoto wa mtu akaitumia kama ushahidi jukwaani. Hilo nililiongeza mimi.

Yule msichana sasa ni mama. Anauza omena sokoni. Nilikwenda kumwomba msamaha nikiwa nimechelewa miaka sita. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza nataka gorogoro ngapi. Nikanunua mbili. Mpaka leo sijui kama hilo lilikuwa jibu.

Kwa hiyo nilimwambia Nyar Karachuonyo ukweli wote, pale pale chini ya mti wa mwembe, na huu ukanda hatukumvalisha mtoto. Vihisio vichache kwenye paji la uso na nyuma ya masikio haviwezi kuchukua nafasi ya kipimo cha hospitali, na programu ya kuhesabu ndege haikutengenezwa kutafuta kifafa. Watafiti wamejaribu vifaa vya bei nafuu vya Emotiv kwa wagonjwa wa kifafa kule Guinea-Bissau na Nigeria, na namwomba Mungu kazi kama hiyo ifike na kwetu, maana safari ya kutafuta kipimo ni ndefu na nauli haipatikani. Ila kazi hiyo ni ya watu waliosomea, siyo ya pastor na mpwa wake.

Tulikwenda Kisumu pamoja, mimi, mama na kijana. Kabla ya hapo daktari alikuwa amemwomba mama amrekodi mtoto kwa simu akianguka. Mama alilia akifanya hivyo, lakini alifanya. Kumbe ile video ilisaidia kuliko nilivyodhani. Hata kipimo kikubwa cha hospitali, EEG, kinaweza kutoka sawa kabisa kwa mtu mwenye kifafa, kwa sababu kinarekodi muda ule tu. Daktari husikiliza kwanza aliyeona. Akauliza mtoto alizaliwaje, aliwahi kulazwa na malaria kali ya kupanda kichwani, kwao wanafuga nguruwe wanaozurura. Hayo yote huweza kuacha kovu kwenye ubongo, hata mayai ya minyoo ya nguruwe.

Kisha wakampaka gundi kichwani, waya baada ya waya, kama ishirini hivi. Akaambiwa afunge macho asitikise taya. Nilikaa pembeni nikiomba, na kwa kuwa chumba kilikuwa kimya nikaomba bila sauti. Yule fundi wa mashine akanitazama mdomo, akauliza, "Mzee, uko sawa?"

Nikamwambia niko sawa. Nilitaka kumsimulia habari za Hana lakini alikuwa kazini.

Kijana anameza dawa kila jioni sasa. Bado alianguka mara mbili mwanzoni, halafu imepita miezi minne bila kuanguka. Shirika la Afya Duniani linasema watu kama milioni 50 wana kifafa, na hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila mishtuko wakipimwa na kutibiwa vizuri. Dawa nyingine, kama fenobabito, ni za zamani na bei yake si kubwa. Kuziacha ghafla kunaweza kuua.

Ukimkuta mtu ameanguka sokoni, usikimbie. Povu haliambukizi. Ondoa vitu vigumu karibu naye, mweke kitu laini chini ya kichwa, mgeuze alale ubavu, usimshikilie kwa nguvu, usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni. Tazama saa. Zikipita dakika tano, tafuta gari la hospitali, na umwombee humo garini.

Ule ukanda mpwa wangu amerudi nao Kanada. Kijana wa Nyar Karachuonyo huja mbele kila Jumapili pamoja na wengine wanaotaka maombi. Ninapomfikia, namwuliza kwanza kama jana jioni alimeza dawa. Akisema ndiyo, namwekea mikono. Akisema alisahau, namwita mama yake kwanza, halafu namwekea mikono.

Kama kwako kuna mtoto anayeanguka na umekuwa ukimficha, niandikie inboksi, hata usiku. Jumatatu niko tayari kukusindikiza kliniki. Na kama mimi ndiye niliyewahi kukwambia utupe dawa, niandikie pia. Ibada ya kwanza kesho ni saa mbili.