Si Kila Jani la Manjano Lina Njaa

Ndugu msomaji, wahenga walinena kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Lakini dalili nayo yataka msomaji wake. Somo hilo nililipata uani kwangu.

Nilipanda mchicha mahali ambapo, kabla hatujahamia, palivunjwa betri za magari na kuchomwa nyaya na mabati. Majani yakageuka manjano. Nikahukumu kwamba ardhi imechoka, nikamwaga mbolea ya chumvichumvi. Mchicha ukazidi kudhoofu. Nasi tukaendelea kuula, na mafungu mengine nikampelekea jirani yangu, mama wa watoto wawili wadogo.

Bwana Shamba alipopita, aliinama akanifunza. Mmea wenye njaa ya naitrojeni huanza kupata manjano kwenye majani ya chini yaliyozeeka, kwani chakula hicho huhamishiwa machanga. Wangu ulikuwa na manjano juu, kwenye majani machanga, huku mishipa ikibaki kijani. Hiyo ni dalili ya upungufu wa chuma. Chuma chaweza kuwamo udongoni tele, lakini zinki au shaba ikizidi, mmea hushindwa kukitumia. Hata hivyo hakuyaamini macho yake peke yake. Alinitaka nipeleke udongo maabara. Majibu yalitaja zinki nyingi na, pamoja nayo, risasi.

Risasi ndiyo iliyoninyima usingizi. Hudhuru ubongo wa mtoto, na mboga yaweza kuibeba huku imenawiri. Kuosha huondoa vumbi, si kilichokwisha kuingia ndani ya jani. Wala si jambo geni: mwaka 1999 wanasayansi walichapisha vipimo vya madini mazito katika mboga za kando ya mito ya Sinza na Msimbazi, Dar es Salaam.

Jioni ile nilibisha hodi kwa jirani. "Dada, ule mchicha usiupike tena."

Akaniuliza, "Kaka, hizo betri hukuzijua?"

Nilizijua. Sikuwa na la kujitetea. Kesho yake tuliongozana na watoto wetu hospitali kuuliza habari za kupima damu.

Ndugu msomaji, kabla ya kushika jembe, uliza kiwanja chako kilifanya kazi gani zamani. Ukiwa na shaka, panda kwenye viroba vyenye udongo safi wa kwingine. Mbolea hulisha mmea wenye njaa; sumu haiiondoi.